Udi wa Ghorofa ya Juu

Kabla ya kumwona ulimnusa. Jengo letu la Ruwi lilikuwa na ngazi nyembamba zisizo na dirisha hata moja, na kila harufu iliyoingia humo ilikaa kama mgeni asiyejua kuaga: papa wa kukaanga wa ghorofa ya kwanza, dawa ya sakafu, jasho letu sisi watoto tuliotoka skuli. Udi wake ulizipita zote. Ukifungua mlango wa chini ukaukuta umesimama pale, moto bado, ulijua Bibi wa Juu ameshuka sasa hivi. Ukiukuta umepoa, umejishikiza kwenye kuta tu, ulijua amerudi kitambo na huko juu amejinyoosha, viatu vyake viwili mlangoni, vimeelekezwa nje.

Jina lake lilijulikana. Lilitajwa sana, kwa sauti ya chini, na mimi silitaji hapa kwa sababu limekwisha kutajwa vya kutosha.

Alikaa peke yake. Miaka ya tisini, Maskati, mwanamke wa Kiunguja, bila mume, bila mtoto, na kaka yake aliyekuja naye amekwisha kufa zamani: hilo peke yake lilitosha kuwapa watu kazi. Na juu ya hilo anajifukiza. Nguo zake, nywele zake, hata mapazia ya chumba chake yalikuwa yakinukia. "Anamfukizia nani?" walikuwa wakiulizana kina mama wa jengo, na swali lilikuwa na jibu ndani yake.

Habari zenyewe zilitoka Unguja pamoja na masanduku. Walisema kwamba wakati wa vurugu, ambapo kila mtu alijifungia ndani na kuzima taa, mlangoni kwao likisimama gari la askari. Gari la upande ule, na wao walikuwa wa upande huu. Linasimama, anashuka mwanamme mmoja, mlango unafunguliwa. Nyumba nyingi za mtaa ule zilivunjwa, yao haikuguswa. Watu wakajumlisha wenyewe. Walipofika Maskati walikuwa wamepoteza nyumba, mashamba na picha za harusi, lakini hesabu ile hawakuipoteza.

Akiambiwa "lisemwalo lipo, kama halipo laja", na aliambiwa usoni mara moja kwenye harusi, mbele yangu, alijibu, "Basi nalije, ntalikaribisha kahawa." Akachukua kileja, akatafuna taratibu, akimwangalia aliyesema mpaka yule mwanamke akakumbuka kwamba ana mtu wa kumsalimia upande wa pili wa ukumbi.

Mama yangu hakuwa msengenyaji. Ningependa ieleweke hivyo, maana humu ndani ataonekana mgumu. Mama alikuwa mtu wa ushahidi. Ukimwuliza kama duka liko wazi, atakwambia, "Jana lilikuwa wazi." Watu wakimwambia mwezi umeandama, anauliza nani kauona, kwa jicho gani. Neno lake lilikuwa moja: "Sishuhudii nisichokiona." Kwa hivyo hakumshuhudia Bibi wa Juu kwa ubaya, wala hakumshuhudia kwa wema. Alimpa salamu ya ngazini. "Masalkheri." "Masalkheri wa nnuri." Basi, kila mmoja anaendelea na ngazi zake. Kwa miaka ile yote sikumbuki mama kupanda ghorofa ya juu hata siku moja, na sikumbuki Bibi wa Juu kubisha kwetu. Alikuwa haombi kitu. Chumvi ikimwishia alikula bila chumvi.

Sisi watoto tulipanda, hatukukatazwa. Wakati wa baridi, baada ya sala ya alasiri, alitandika mkeka juu ya sutuhi, pale kwenye paa kati ya matangi ya maji na madishi ya televisheni, akatukalisha. Kutoka huko uliyaona majabali ya Ruwi yamekuja karibu, makavu, hayana hata jani, na jua likishuka yaligeuka rangi ya zambarau, na sauti za mabasi ya chini zikafika zimechoka. Alituletea chai ya tangawizi, na kwa sukari alikuwa bahili wa ajabu, kijiko kimoja kwa birika zima. Lakini halua aliikata mapande makubwa, ukimaliza anakukatia tena bila kukutazama, kana kwamba mkono wake unafanya mambo yake wenyewe.

Alikuwa mtu wa vinyume hivyo. Sala zake hazikupita wakati, na mieleka ya kwenye televisheni haikumpita pia. Tulimsikia kutoka ngazini: "Mshike mguu! Mshike mguu, mjinga weye!" Aliamini kila ngumi. Tulipomwambia kwamba wale wanaigiza tu, alitukodolea macho akasema, "Hata kama. Kuanguka kaanguka." Alikuwa hapendi uongo, mtoto akimdanganya humnyima salamu wiki nzima, na huyo huyo ndiye aliyetuhadithia sinema ile moja mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na kila mara ilikuwa imebadilika kidogo.

Sinema ile aliitazama Unguja, ujana wake, vurugu zilipotulia na majumba ya sinema yakafunguliwa tena. Ilikuwa zanana, onyesho la alasiri la wanawake peke yao, mabuibui yamejaa viti mpaka nyuma, watoto mapajani, kashata zinapita mkono kwa mkono. Walikwenda kutazama ya Kihindi. Filamu haikuwasili, na mwenye sinema akawawekea aliyokuwa nayo kabatini, ya Kimarekani, ya zamani, nyeusi na nyeupe, mambo ya vita.

"Tukapiga kelele," alisema. "Tukadai pesa zetu. Halafu akatokea mwanamke kwenye pazia, kaegemea mlango, mkono hivi, anatazama bahari kama inamdai. Tukanyamaza."

Kizungu walikuwa hawakijui. Lakini mstari wa mbele alikuwepo mke wa mwalimu mkuu mmoja, aliyesoma, akainuka, akaupa mgongo ukuta, na kila neno likisemwa huko nyuma analisema yeye kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusomea risala. Kwa hivyo Bibi wa Juu alipokuwa akituhadithia, alihadithia watu wawili: mwanamke wa kwenye pazia na yule mama mbele yake, kivuli chake kikiwa kimekata kona ya picha.

Kisa chenyewe ni hiki. Mji wa bandari, kuna vita, meli zinaingia na kuzama. Mwanamke amepangisha vyumba, wanajeshi wanalala kwake, na mji mzima unamjua kwa jina baya. Wanawake wenzake wakimwona wanavuka njia. Ofisa mmoja wa jeshi anakuja mara kwa mara, anakaa kwenye kiti kile kile, hasemi mengi. Usiku mmoja meli inapigwa, watu wanakufa, na ofisa anashitakiwa kwamba hakuwa lindoni kwake. Anaulizwa alikuwa wapi, hasemi. Asiposema watampiga risasi.

"Alikuwa kavaa gauni jekundu," alisema Bibi wa Juu.

"Si ulisema nyeusi na nyeupe?" niliuliza. Nilikuwa mtoto wa mama yangu.

"Ndiyo. Jekundu."

"Uliionaje nyekundu?"

"Nliiona," akasema, na mazungumzo hayo yakaishia hapo.

Halafu katika kuhadithia akafika mahakamani. Hapo sauti yake ilishuka na sisi tukasogea. Mji mzima umejaa kwenye mabenchi. Jaji kashika nyundo yake. Na mwanamke yule, ambaye hakuitwa na mtu, anasimama nyuma kabisa. Mke wa mwalimu mkuu naye akavuta pumzi, akatafsiri: "Usiku ule alikuwa kwangu. Na mimi ni mkewe."

"Vigelegele!" alisema Bibi wa Juu, mikono yote miwili juu. "Ukumbi mzima! Wengine wanalia. Mama mmoja kavua pete kairusha mbele, mpaka leo sijui aliipataje tena."

"Halafu?"

"Halafu mie nikatoka."

"Ukatoka? Kabla ya mwisho?"

"Nlikuwa nna shughuli."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Shughuli gani inayomtoa mtu kwenye sinema mahali kama pale? Hakusema. Akatuambia mwisho tuutie wenyewe, na tukautia. Mmoja wetu alimwoza ofisa kwa harusi kubwa, mwengine aliuripua mji wote kwa mabomu, mimi niliwapandisha meli wakaja kuishi huku kwetu, Matrah. Alisikiliza kila mwisho kwa makini, kichwa upande, kisha akauliza swali lile lile kila siku: "Na wale watu wa mji, walimpa mkono?" Tulisema ndiyo, wengine tulisema hapana, na yeye hakuonekana kuridhika na lolote.

Mwaka mmoja alikuja mzee. Alikuwa anatoka kuhiji, akapitia Maskati kabla ya kurudi Unguja, mtu mrefu mwenye kofia ya kiua, amebeba galoni la Zamzam kwa uangalifu kama mtoto mchanga. Alipanda ngazi polepole, akituamkia sisi watoto mmoja mmoja, akaingia ghorofa ya juu, na siku chache zile hakutoka. Udi ulikuwa mwingi mpaka mwenye bakala ya chini, kile kiduka cha vyakula, Mmalabari, alisema mikate yake inanukia. Na jioni, kutoka juu, tukasikia mieleka. "Mshike mguu!" na kicheko cha mwanamme, kisha chake yeye, vimepandana. Sikuwahi kumsikia akicheka vile. Mama alitoka mlangoni akatuvuta ndani sote, akafunga, akakaa kitako kitandani. "Hayo nimeyasikia," alisema. "Sikuyaona." Lakini kuanzia hapo hata salamu ya ngazini ilipungua maneno.

Miaka ikenda. Nikasoma, nikapata kazi wizarani, Al Khuwair, nikaolewa, nikahamia Hail karibu na bahari. Mama alikataa kuhama Ruwi. Kila Alhamisi nilikwenda kumtazama, na kila nilipofungua mlango wa chini nilivuta pumzi kwanza, hata kabla ya kupiga bismillahi ya kupanda. Udi ulikuwepo. Sijui kama Bibi wa Juu aliwahi kujua kwamba kwangu ndiyo ilikuwa harufu ya kufika nyumbani.

Halafu Alhamisi moja sikuusikia. Nikapanda ghorofa mbili, nikasimama, nikanusa ukuta kama mwendawazimu. Papa wa kukaanga na dawa ya sakafu, basi.

"Hazinukii ngazi," nilimwambia mama hata kabla ya shikamoo.

"Wiki nzima hii," alisema mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Anasema amekaa eda."

Mwanamke anayefiwa na mumewe hukaa ndani miezi minne na siku kumi, kwetu huvaa nyeupe, hajipambi, hajitii manukato. Kila mtu analijua hilo. Na kila mtu anajua pia kwamba wanawake wenzake humwendea, humpa mkono, humpikia, na siku ya mwisho humtoa eda kwa kumwogesha na kumfukiza. Lakini kukaa eda hiyo lazima ufiwe na mume. Bibi wa Juu, mji mzima ulivyomjua, hakuwa na mume wa kufa.

Aliyetuletea habari kwa ukamilifu alikuwa dada mmoja kutoka Mwanza, aliyekuwa akifanya kazi za ndani ghorofa ya kwanza na mara moja kwa wiki akimfulia Bibi wa Juu mapazia. Yeye alikuwepo simu ilipokuja. Alitusimulia akiwa amesimama mlangoni kwetu, ndoo mkononi.

"Ilikuwa ya kutoka Unguja. Alisikiliza tu. Akaweka simu chini, akakaa sakafuni. Nikamwuliza, bibi, kuna nini? Akaniambia, 'Kijana wake kanipigia. Anasema baba kafa, na aliacha neno kwamba mimi niambiwe.' Basi akaniomba nimshushie sanduku, akatoa shuka nyeupe. Mimi nikampa pole, nikampikia uji."

"Ulimpa pole ya nani?" aliuliza mwajiri wake wa ghorofa ya kwanza, ambaye alikuwa amepanda nyuma yake bila haya ili asikie. Huyo alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa, na ndiye hasa mwenye papa. "Mume gani? Nani kamwona? Wallahi watu hawana aibu siku hizi, mpaka eda wanaiba!"

"Madamu, mimi sijui," alisema yule dada. "Kwetu mtu akifiwa tunampa pole kwanza. Habari za cheti baadaye."

Akashuka na ndoo yake. Nilitaka kumkumbatia.

Jengo zima halikupanda. Hilo ndilo lililokuwa likiniumiza, kila Alhamisi nikija: viatu viwili mlangoni kwake badala ya ishirini. Kama hawakwenda, basi wamemhukumu, na hukumu hiyo ingeandamana naye mpaka jeneza. Maana asipotolewa eda na mtu, atajitoa mwenyewe, peke yake bafuni, na watu watasema, mnaona, hata yeye alijua. Nilimwambia mama hivyo. Nilikwisha kwenda mimi peke yangu, alinipokea kwa macho tu na chai isiyo na sukari, lakini mimi nilikuwa bado mtoto wa sutuhini, mkono wangu haukuwa na uzito. Mkono wa mama ulikuwa nao. Mama akienda, jengo litakwenda.

"Nikimpa mkono wa eda nimeshuhudia ndoa," alisema mama. "Unafahamu? Si pole tu ile. Nnasema mbele ya Mungu kwamba huyu alikuwa mke wa mtu. Mie niliiona ndoa hiyo?"

"Hukuiona. Wala hukuona kinyume chake."

"Nlikisikia kicheko."

"Mama, kicheko cha mieleka!"

Hakucheka. Niliona kwamba halali vizuri. Mama alikuwa mtu wa haki, na haki ilikuwa imemkaa kooni.

Alhamisi iliyofuata, mchana, baada ya kula, tulijilaza mbele ya televisheni, kiyoyozi kikivuma, mapazia yamefungwa kwa ajili ya jua, na mimi nikawa nabonyeza chaneli nusu nimelala. Kwenye moja ya zile za sinema za zamani, zenye maandishi ya Kiarabu chini, nikaona bandari. Nikaona mlango, na mwanamke ameuegemea, mkono hivi.

Nilikaa wima. "Mama. Ile sinema."

"Ipi?"

"Ya Bibi wa Juu. Niliyokuwa nikikuhadithia kila nikishuka kutoka sutuhini."

Mama akavaa miwani. Nilikuwa kama niliyeingia kwenye chumba nilichokiota utotoni nikakikuta kina viti vile vile. Ofisa alikaa kwenye kiti chake. Wanawake wa mji walivuka njia. Meli iliungua kimyakimya upande wa mbali wa picha. Kizungu changu kilitosha, Kiarabu cha chini kilinisaidia, na mama akawa anauliza, "Kasema nini?" nami namtafsiria, mpaka nikatambua kwamba nimeshika kazi ya mke wa mwalimu mkuu.

"Gauni lile jekundu limempendeza," alisema mama. Televisheni ilikuwa nyeusi na nyeupe. Sikumsahihisha.

Tukafika mahakamani. Jaji, mabenchi, mji wote. Mwanamke akasimama nyuma. Nikajikuta nasogea mbele kama zamani juu ya mkeka. Akasema usiku ule ofisa alikuwa kwake. Jaji akamwuliza swali, na yeye akajibu kwa maneno machache, kichwa juu.

"Kasema nini?" mama aliuliza.

Nilisoma Kiarabu cha chini mara mbili.

"Jaji kamwuliza, wewe ni mkewe? Kasema, hapana. Mimi si mke wa mtu."

Mama alinitazama. Nami nikafahamu, na yeye akafahamu, kilichotokea Unguja alasiri ile. Mama wa watu kasimama mbele ya ukumbi wa mabuibui, watoto mapajani, nyuma yake mwanamke wa Kizungu anakiri jambo ambalo yeye hawezi kulitamka kwa Kiswahili mbele ya mama mkwe wake mwenyewe labda. Hakuwa na muda wa kufikiri. Akawaoza. Pale pale, bila mahari, bila kadhi, kwa ulimi tu.

Mwisho ulikuja haraka. Ofisa akaachiwa, akapelekwa vitani. Mwanamke akatoka mahakamani, akashuka zile ngazi pana, na watu wa mji wamesimama pande mbili. Wakampisha njia. Hakuna aliyesema neno, hakuna aliyenyoosha mkono. Akatembea mpaka gatini, peke yake, na picha ikazimika.

Niligeuka. Mama alikuwa akifuta miwani kwa ncha ya kanga, na machozi yakimshuka.

"Huyu hana hata ndoa," alisema. Alikuwa kama mwenye hasira. "Hata ndoa hana, kasema mwenyewe. Mbona nnamlilia?"

Aliinuka akaenda chumbani, na nilimsikia akifungua kabati na kuzitoa nguo zote zilizofukizwa, akitafuta moja isiyonukia.

Siku ya pili yake, Ijumaa, baada ya alasiri, tulipanda. Ngazi zile chache zilizobaki mama alizipanda kwa kushika ukuta, kama mtu anayepanda nyumba ya ugenini, na kwa kweli ilikuwa ugenini. Kwa miaka yote ile hakujua rangi ya mlango ule. Alivua viatu vyake, akaviweka sambamba na vile viwili. Yule dada wa Mwanza ndiye aliyetufungulia. Alimwona mama, akarudi nyuma, akaenda kuweka maji motoni.

Bibi wa Juu alikuwa amekaa juu ya mkeka, ule ule wa sutuhini, amejifunika nyeupe mpaka kidevuni. Bila udi chumba kilikuwa kama cha mtu mwengine. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomjua. Aliinua uso, akamwona mama, na macho yakamtoka kwa hofu. Alidhani mama amekuja kumwambia maneno.

Mama alikaa mbele yake, magoti kwa magoti. Akanyoosha mkono.

"Pole, dada yangu," alisema. "Mungu amrehemu mumeo."

Sijui kama neno lile liliwahi kumfikia masikioni kabla ya siku ile. Mumeo. Nilimwona akilipokea. Aliushika mkono wa mama kwa mikono yake yote miwili, akauinamia, na hakulia kwa sauti, mabega tu ndiyo yaliyokuwa yakienda. Mama hakuutoa mkono wake. Nililia mimi, bila haya, na dada wa Mwanza alilia jikoni.

Baadaye, chai ilipokuja, akasema mwenyewe bila kuulizwa.

"Kaka yangu ndiye aliyeniozesha. Mashahidi walikuwa wawili, wote wamekufa. Asubuhi ile kaka alinambia, 'Yule bwana wa gari anataka kukuoa, kwa siri. Wenziwe wakijua watamuua yeye, wenzetu wakijua watatutenga sisi. Ukikataa hatukulazimishi.' Mie nikasema nakwenda zanana, jawabu ntakupa nikirudi. Nlikimbia hasa. Nlikwenda kujificha gizani na wanawake wenzangu."

Akanywa kidogo.

"Nikawa nnatazama, nnaogopa. Mpaka aliposimama yule mwanamke, mbele ya mji wote, akasema, 'Mimi ni mkewe.' Nikajiambia, huyu kaweza kusema mbele ya dunia, mie nishindwe kusema mbele ya mashahidi wawili? Nikainuka. Vigelegele vile nilivipita kama vyangu. Kaka alikuwa nje. Nikamwambia, haya, twende."

Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Maisha mazima ya mtu yalikuwa yamesimama juu ya neno ambalo halikusemwa.

"Mwanzo tulificha kwa hofu," alisema. "Baadaye kwa mazoea. Kila Idi akinipigia simu. Akaja mara moja ile tu, mkamwona. Nlimwambia sasa tuseme, vurugu zimekwisha. Akasema, tuseme, nikifika nyumbani ntawaambia wanangu. Naona aliwaambia."

Kisha akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona Bibi wa Juu wa zamani, kichwa upande.

"Na weye, na madishi yenu hayo yenye dunia nzima, hukuiona popote sinema yangu? Nnataka kujua neno moja tu. Wale watu wa mji, walimpa mkono?"

Nilifungua mdomo. Mpaka leo sijui ningesema nini, maana mama alinifinya paja kwa nguvu hata nikauma ulimi.

"Tumeiona jana," alisema mama, yeye asiyewahi kushuhudia hata mwezi. "Mie na huyu, kwa macho yetu. Walimpa mkono."

"Wote?"

"Wote. Walijipanga safu. Wengine walirudia."

Bibi wa Juu alifumba macho. Uso wake ulilainika, kama zamani alipokuwa akisikiliza miisho yetu, isipokuwa safari hii aliridhika.

Tulipoaga, mama alisimama mlangoni akivaa viatu, akachukua muda mrefu. Chini tulimsikia yule wa ghorofa ya kwanza akifungua mlango wake kidogo ili ajue nani katoka wapi, na mama, kwa sauti ambayo jengo zima lingeisikia, akasema, "Kesho nnapika mimi. Keshokutwa ni zamu yako, na usilete papa."

Mlango ukafungwa. Katikati ya ngazi mama akasimama, akavuta pumzi ndefu, akatikisa kichwa.

"Hazinukii kabisa," alisema. "Siku akitoka eda, chetezo ntakibeba mie."